Seli ya Tatu

Ukitaka kumuudhi Tsonka Radulova, mwambie kazi yake ni ya kukaa. Watu wa ghorofani, wale wa kukimbizana na vitanda, walimwambia hivyo kila waliposhuka kuchukua majibu: "Shangazi, wewe umeshapata, umejikalia zako." Yeye aliwapa karatasi zao tu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika chumba cha chini cha hospitali moja ya watoto kando ya mto Maritsa, ameinamia hadubini, anahesabu. Shingo ilikuwa imekakamaa upande mmoja. Jicho la kulia lilitoa machozi bila msiba wowote. Na magoti ya mtu wa kukaa, jamani, yanauma kuliko ya mtu wa kukimbia, ila hilo hulijui mpaka likupate.

Alichokuwa akihesabu ni kromosomu. Kila seli ya mwanadamu inazo arobaini na sita, jozi ishirini na tatu, kila jozi na namba yake, nusu za baba na nusu za mama, na seli inapojigawa huonekana kwenye hadubini mithili ya vijiti vilivyomwagwa sakafuni. Katika uvimbe wa ubongo wa mtoto hesabu hiyo huharibika. Kimoja hukosekana, kingine huzidi, viwili huvunjika na kuungana vibaya. Namna ilivyoharibika ndiyo humwambia daktari kama uvimbe ule ni mkali sana au una huruma kidogo, kwa kuwa uvimbe nao hutofautiana, hata ukitoka mahali pamoja kichwani.

Alipoanza kazi, Tsonka alikuwa akivipiga picha vijiti hivyo, anavikata kimoja kimoja kwa mkasi wa kucha, kisha anavipanga na kuvibandika jozi kwa jozi kwenye karatasi. Siku hizi kompyuta ndiyo inayokata. Lakini kompyuta haichoki na wala haijui kutilia shaka, kwa hiyo mtu mwenye macho alihitajika bado, na mtu huyo alikuwa yeye, pamoja na Ralitsa, binti wa miaka ishirini na saba mwenye ulimi mwepesi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu upya kila alichokwisha kuhesabu Tsonka. Jibu halikutoka bila sahihi mbili.

Mwaka mmoja, tarehe ishirini Februari, walileta kipande cha uvimbe wa Bilyana.

Bilyana alikuwa na miaka minane, mtoto wa kijiji kimoja cha upande wa milimani, darasa la pili, wa kwanza darasani kwa kusoma. Alikuwa ameanza kuamka na kichwa kinamuuma na kutapika kabla ya chai, na nyumbani wakasema ni minyoo. Madaktari walipomfungua kichwa walikuta uvimbe nyuma, kwenye ubongo mdogo, wakautoa wote. Baada ya hapo lazima mionzi, ya kichwa na ya uti wa mgongo, na lazima ianze kabla siku arobaini hazijapita. Suala lilikuwa mionzi kiasi gani.

Profesa Kantarev, mkuu wa wodi, alishuka mwenyewe maabara siku ile. Si kawaida yake kushuka. Alikuwa mtu mrefu aliyeogopa kugonga kichwa kwenye mabomba, akasimama mlangoni ameinama.

"Mama Radulova," akasema, "huyu mtoto nataka kumwingiza kwenye ule mpango wetu wa kipimo pungufu. Ila mpango una sharti moja tu, unalijua."

"Kromosomu namba sita, moja ya jozi ikosekane."

"Hiyohiyo. Ikikosekana, nampunguzia mionzi theluthi nzima, na nina imani atapona vilevile. Isipokosekana, nampa yote. Nikimpa yote atapona pia, Mungu akipenda, ila akili ya mtoto wa miaka minane ukiichoma kiasi hicho... Umewaona wanaorudi."

Tsonka alikuwa amewaona. Walirudi kuchekiwa baada ya miaka, wazima, wafupi kuliko wadogo zao, wanauliza saa ngapi na baada ya dakika tano wanauliza tena. Mama zao walikuwa wakishukuru, na walishukuru kwa kweli.

Basi kazi ikaanza. Kipande kilikuwa kidogo, kama punje ya maharage. Sehemu ndogo Tsonka aliitengeneza siku ileile na kuidondosha kwenye vioo viwili vya hadubini, akijua humo atapata seli chache tu zilizokamatwa zikijigawa. Sehemu kubwa aliigawa katika chupa mbili zenye maji ya lishe na kuziweka kwenye kabati la joto. Seli za uvimbe wa ubongo zina deko. Hukaa wiki mbili zinakutazama tu, kisha ndipo ziote. Tegemeo lilikuwa chupa zile. Punje nyingine, iliyokwisha kugandishwa kwenye nta, ilitumwa nje ya nchi kwa watu wenye rangi maalumu za kuonyesha kromosomu moja moja bila kuotesha chochote, lakini huko foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyewategemea ndani ya siku arobaini.

Sasa, tarehe mosi Machi, nchini kwao, hakuna atokaye nyumbani mkono mtupu. Kila mtu humfunga mwenzake kwenye kifundo cha mkono uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, amtakie afya, na uzi huo haufunguliwi mpaka umwone korongo wa kwanza amerudi kutoka kusini, au mti wa kwanza umechanua. Wanafungana mawaziri, wanafungana wezi. Ukiufungua kabla ya wakati, unamkosesha heri yule aliyekufunga. Ndivyo bibi yake Tsonka alivyomfundisha, na bibi yake hakuwa mtu wa kubishiwa.

Lakini uzi wa sufi ni mchafu. Unashika maji, unashika vumbi, na ndani ya chumba cha chupa hewa yenyewe huchujwa. Kwa hiyo kwenye mlango wa chumba hicho palikuwa na msumari, na kila Machi wafanyakazi walivua nyuzi zao wakazitundika pale kabla ya kuingia, heri au hakuna heri. Msumari ule aliupigilia Tsonka mwenyewe, miaka ishirini iliyopita. Alishawahi kumtoa nje msichana mmoja akilia kwa ajili ya uzi wa mchumba wake.

Siku hiyo ya Machi mosi, mchana, mwanamke mmoja alishuka ngazi akiwa amepotea, amevaa kandambili za wodini na sweta la mwanamume.

"Samahani, shangazi. Ninyi ndio mnaohesabu?"

"Tunahesabu nini, dada?"

"Sijui. Profesa alisema kuna watu chini wanahesabu, na wakimaliza ndipo tujue. Mimi ni mama yake Bilyana. Naitwa Sevda."

Tsonka alipaswa kumwambia apande juu, wazazi hawaruhusiwi huku. Badala yake akampa kiti na kahawa ya mashine, ile chungu. Sevda hakuinywa, aliishika tu. Akatoa mfukoni uzi uliosokotwa vibaya, mwekundu mwingi kuliko mweupe, wenye mafundo.

"Amekusokotea. Yaani si wewe, hakujui. Alisema, 'Mpelekee yule anayenihesabu.' Watoto wa wodini wamewasokotea manesi wote, akasema huyo wa chini amesahauliwa." Akamfunga Tsonka mkono wa kushoto. "Na amesema usiuvue mpaka umwone korongo. Amenisisitiza nikwambie hilo."

"Mwambie sitauvua," Tsonka akasema. Mtu husema nini kingine?

Angeweza kuutundika msumarini, kisha auvae tena jioni. Siku mbili za kwanza hakuwa na kazi ya kuingia kule. Jumapili nyumbani alikanda unga wa mkate, mkono umezama mpaka kifundoni, na mumewe, Mitko, dereva wa tramu aliyestaafu, akamtania: "We Tsonka, hizo nyuzi tutakula?" Akausuuza kwenye bomba, akaukamua, basi. Jumatatu zilipaswa kulishwa zile chupa. Alisimama mlangoni mbele ya msumari, na nyuzi za Ralitsa nne zimeshaning'inia pale, akauangalia mkono wake. Alikuwa amechoka, hakulala vizuri, shingo ile. Akafikiri juu ya mtoto mwenye mshono kichwani aliyesisitiza. Akausukuma uzi juu, akauficha chini ya mkono wa koti, akavuta glavu juu yake. Miaka thelathini na mmoja ya kuwafukuza wenzake, halafu akapita.

Alhamisi maji ya chupa zote mbili yalikuwa meupe.

Aliyezitoa kwenye kabati ni Ralitsa. Akaweka tone moja chini ya hadubini, akatazama, kisha akampisha. Tsonka akatazama. Palijaa vidonge vya mviringo, vinachipuka kimoja juu ya kingine, vina furaha zao. Hamira. Hamira ya mkate, ileile anayoinunua dukani kwa paketi.

"Shangazi," Ralitsa akasema polepole, "nioneshe mkono."

Tsonka akavuta mkono wa koti.

Ralitsa aliutazama uzi kwa muda. Binti yule alikuwa na maneno kwa kila jambo, ila siku hiyo alikaa chini, akajishika kichwa. "Lakini wewe ndiye uliyeupigilia msumari," akasema mwishowe. "Wewe, shangazi. Angekuwa mwingine ningemtukana."

"Nitukane."

"Siwezi. Ndiyo maana nina hasira."

Mganga hajigangi, wamesema wahenga, ila wahenga hawakusema afanye nini baada ya hapo. Tsonka alichukua mkasi, akaukata uzi, akautupa kwenye pipa la vitu vya kuchomwa, pamoja na chupa zote mbili. Kisha akapanda ghorofani kumwambia Profesa, ngazi kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Hakuficha kitu. Alieleza juu ya uzi, unga, glavu. Profesa alisikiliza huku akivua miwani.

"Kuna nini kimebaki?"

"Vioo viwili vya siku ya kwanza."

"Basi tafuta humo. Tarehe ishirini lazima niwe nimekubaliana na watu wa mionzi. Na mama wa mtoto tusimvuruge kwa sasa."

Kwa hiyo akakaa kutafuta. Kioo kimoja ukikitembeza chote chini ya hadubini, mstari kwa mstari, kinakula siku nzima kama hudanganyi. Kuna maelfu ya seli humo na karibu zote zimelala, hazikuoneshi kitu. Unatafuta ile moja iliyokamatwa ikijigawa, vijiti vyake vimetandazika. Alivitembeza vyote viwili. Akavigeuza, akavitembeza tena kutoka upande wa pili. Alikula mkate na jibini akiwa amesimama ili kuupumzisha mgongo. Jicho lilimwaga maji, akalifunga kwa kitambaa, akatumia lingine.

Alipata seli saba. Nne zilikuwa nzima, arobaini na sita kila moja, labda si za uvimbe hata kidogo, labda za mishipa ya damu iliyokatwa pamoja nao. Mbili zilikuwa na arobaini na tano, na iliyokosekana katika zote mbili ilikuwa namba sita. Moja kati ya jozi ya sita. Kile hasa alichokitaka Profesa.

Mbili, na sheria ya kazi yao inataka tatu. Ikizidi kromosomu, seli mbili zinatosha kusema ni kweli. Ikikosekana, lazima tatu, kwa sababu unapodondosha seli kwenye kioo, kijiti kimoja kinaweza kuruka kikaenda zake, ukadhani uvimbe ndio umekipoteza kumbe ni wewe. Sheria hiyo haikuandikwa na mjinga.

Ya saba ndiyo ilikuwa balaa. Ilikuwa imebanana. Vijiti vimelaliana katikati, viwili vinene vimepita juu ya vingine, na chini yao pana kivuli. Ukihesabu vinavyoonekana unapata arobaini na tano, na namba sita ni moja. Lakini chini ya ile kromosomu namba kumi na moja palikuwa na unene usioeleweka. Yaweza kuwa ni sita ya pili imelala humo. Yaweza kuwa si kitu.

Ralitsa akahesabu upya, kama sheria inavyotaka, peke yake, bila kuambiwa. Akarudi na karatasi.

"Arobaini na tano. Sita moja. Ni ya tatu, shangazi."

"Umeuona unene ule?"

"Nimeuona. Ni namba kumi na moja imejikunja."

"Una hakika?"

"Nina hakika ya kutosha kutia sahihi." Akaiweka karatasi mezani, tayari ina jina lake. "Mbili tumeziona safi. Hii ikifanana nazo, kuna ubaya gani? Nani duniani atashuka huku kuitazama? Mtoto anapunguziwa, kwisha. Wewe ndiye uliyemharibia chupa. Sasa mrudishie."

Neno hilo lilimchoma mahali pake. Tsonka alikaa na karatasi ile siku mbili. Alikuwa akiitaka ile seli kwa moyo wote, na ndicho kilichomtisha, maana katika miaka thelathini na mmoja alikuwa hajawahi kuitaka seli iwe chochote. Kila alipoitazama aliiona jinsi alivyotaka. Akienda kunywa maji, akirudi, unene umepungua. Akikumbuka watoto wengine, wale waliopewa kidogo ugonjwa ukarudi, unene unaongezeka. Mtoto huyohuyo, kijiti hichohicho. Akiandika tatu na chini ya kumi na moja kuna sita imelala, atakuwa amemnyima Bilyana mionzi ambayo ingemwokoa. Akiandika mbili na hapana kitu, atakuwa amemchoma bure. Vyovyote iwavyo, aliyewafikisha hapo ni yeye na unga wake.

Jioni ya tarehe kumi na tisa alimwambia Mitko mezani, juu ya supu ya maharage. Mitko alitafuna kwanza.

"Mimi sijui hizo namba zenu. Lakini nilipoendesha tramu, kama sikuona vizuri reli, nilisimama. Abiria walinitukana mpaka mama yangu. Nilisimama tu."

"Na kama kusimama ndiko kunakomuumiza?"

Mitko akamwongezea supu.

Kesho yake Tsonka aliandika: seli mbili zenye upungufu wa namba sita, hazitoshi kuthibitisha, seli moja haisomeki. Akatia sahihi. Ralitsa alisoma, akakata jina lake kwenye karatasi ya kwanza, akatia sahihi ya pili kwenye hii, na kwa wiki nzima walizungumza mambo ya kazi tu.

Profesa alipiga simu. "Mbili."

"Mbili, Profesa."

"Hiyo ya tatu haisemi kitu kabisa?"

"Inasema ninachotaka iseme. Kwa hiyo siwezi kuisikiliza."

Tsonka akasikia mlango ukifungwa upande wa pili. "Haya. Atapata kipimo kamili."

Bilyana alianza mionzi mwishoni mwa Machi, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita. Tsonka hakupanda kumwona. Alisikia kwa manesi kwamba nywele zimenyonyoka, kwamba anatapika, kwamba analala na kitabu kifuani bila kukifungua. Miti ilichanua bustani ya hospitali, nyuzi zikafungwa matawini, zikapauka kwa mvua. Kazi zilikuja, akahesabu. Mei ikafika.

Jibu kutoka nje ya nchi lilikuja wiki moja baada ya mionzi ya mwisho. Ukurasa mmoja, umepigwa chapa vizuri. Katika seli mia mbili walizozitazama, mia moja themanini na saba zilikuwa na kromosomu sita moja tu.

Aliusoma akiwa amesimama. Ralitsa aliusoma begani kwake, akamshika kiwiko, na hakusema "nilikwambia," ingawa alikuwa amemwambia. Huo ni wema, na Tsonka aliuona, lakini alikuwa amechoka mno kuushukuru.

Profesa alimwita. "Hakuna aliyekosea kwenye jibu lako," akasema. "Kipimo kamili ndicho matibabu ya kawaida. Angekuwa hospitali yoyote nyingine angepata hichohicho. Suala la chupa limeandikwa, limekwisha. Kwa mama yake sioni haja."

"Mimi naiona."

"Utampa nini, Mama Radulova? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga ajulikane."

Profesa alisugua macho. Naye alikuwa amechoka, mtu yule, watu huwasahau. "Mimi nitamwambia juu ya jibu, ni haki yake," akasema. "Ya uzi mwambie wewe, kama lazima. Mimi sina ubavu."

Bilyana na mama yake wakatoka wodini Ijumaa. Tsonka alimsubiri Sevda kwenye benchi la ukumbi wa chini, karibu na mlango mkubwa, amevaa koti lake la nje ili asionekane mtu wa hospitali, jambo la kijinga, kila mtu pale alimjua. Sevda alikuja na mabegi mawili. Mtoto alikuwa amepelekwa na nesi kununua mkate wa jibini kwa safari.

Tsonka akamweleza. Hakupamba. Alieleza juu ya msumari, na kwamba ni yeye aliyeupigilia, na kwamba alipita na uzi mkononi. Akaeleza chupa zilivyoharibika, seli mbili, na ile ya tatu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kusoma majibu. Ndani alikuwa amekauka.

Sevda aliweka mabegi chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo chupa zingeota, angepata pungufu."

"Angepata pungufu."

"Na hiyo mionzi iliyozidi itamfanyaje?"

"Huenda isimfanye kitu kikubwa. Huenda masomo yakawa mazito kwake, huenda asirefuke. Inajionesha polepole, kwa miaka. Leo hakuna wa kukwambia."

"Anajua kusoma kuliko mimi," Sevda akasema. "Barua za serikali yeye ndiye anayenisomea." Akageuza uso. "Na ungeweza kuandika tatu."

"Ningeweza."

"Mwenzako alikuwa tayari."

"Alikuwa tayari."

"Basi sijui nikuchukie kwa lipi, shangazi. Kwa uzi au kwa ukweli wako." Alisema bila kupandisha sauti, na Tsonka angependelea kupigwa kofi. "Nikuchukie kwa uzi? Nilikufunga mimi kwa mikono yangu. Nikasema usiuvue."

"Wewe hukujua. Mimi nilijua."

"Ndiyo. Wewe ulijua." Sevda alipangusa pua kwa mkono wa sweta lile la mumewe. Akamtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Sikiliza. Mimi umeniambia, nimesikia, nitalala nalo, nitaamka nalo. Siku nyingine nitakutukana peke yangu jikoni, uniwie radhi. Lakini yule asijue. Si sasa wala akiwa mkubwa. Alikaa siku tatu anasokota ule uzi, mkono una sindano. Akijua, hatasema ni wewe. Atasema ni yeye."

"Sitamwambia."

"Niapie."

"Naapa."

Mtoto akaja, anatembea kwa kuyumba kidogo, kofia ya bluu imemshuka mpaka kwenye nyusi, mafuta ya mkate kwenye kidevu. Akamtazama yule mama mzee aliyekaa karibu na mama yake, kisha akatazama mikono yake.

"Ndiye huyu wa chini?"

"Ndiye," Sevda akasema.

"Bibi, uliuvaa uzi wangu?"

"Niliuvaa, mwanangu."

"Hukuuvua?"

Tsonka Radulova, ambaye hakuweza kuandika tatu pale alipoona mbili, alimtazama mtoto machoni. "Sikuuvua."

"Mpaka ukamwona korongo?"

"Mpaka nikamwona. Alikuwa juu ya paa la stesheni, anatengeneza kiota."

Bilyana aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mwalimu aliyepata jibu. Akamgeukia mama yake, akamvuta mkono wa sweta.

"Unaona, mama? Ndiyo maana nimepona. Wewe ulisema ni uzi tu."

Sevda alikuwa ameinama anafunga begi lililokuwa limekwisha kufungwa. Hakuinuka. Kwa hiyo ilibidi Tsonka aseme, akasema ndiyo, mwanangu, ni uzi wako.